Shikamoo Kutoka Majanini

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilivyolala kifudifudi kwenye majani marefu, huko kaskazini mwa Msumbiji, bunduki mkononi, sisimizi wananitembea shingoni. Nilikuwa kijana kama wewe hapo ulipo na sare yako mpya ya ulinzi. Tulikuwa tunapigania uhuru, na asubuhi ile tulikuwa tunawavizia Wareno. Bomu tulikuwa tumelifukia katikati ya barabara, tunasubiri malori yao. Kamanda wetu alishatuonya: atakayetoa sauti, hata chafya, ametuua wote.

Eh, vijana tulikuwa! Tumbo tupu, lakini kambini vicheko haviishi. Wenzangu wale nawakumbuka vizuri kuliko nilichokula jana hapa Joburg.

Basi akatokea bibi kizee mmoja na kapu la mihogo kichwani. Anakuja taratibu, anajisemea peke yake, na miguu inaelekea palepale lilipo bomu. Sasa, bibi yako mzaa baba wewe hukumkuta. Mimi alinilea kwa makofi. Ukimpita mtu mzima hujamwamkia, siku hiyo huli. Kizee alipofika usawa wangu, salamu ikanitoka yenyewe:

"Shikamoo, bibi!"

Akasimama, akaangaza huku na huku. Kamanda akanikodolea macho, nikajua nimekwisha.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Mbona umelala chini? Unaumwa?"

Na badala ya kukimbia, akaiacha barabara, akaja majanini kuniangalia! Kamanda akamvuta, akamlaza kando yetu, mihogo ikamwagika. Malori yakafika, bomu likalipuka. Yaliyofuata sipendi kuyasimulia.

Tuliporudi kambini, bibi tukiwa naye na mihogo yake tumeiokota, nilikuwa nangoja viboko.

"Mimi nilimwona kabla yako," kamanda akaniambia. "Nilimwona tangu yuko mbali, nikanyamaza. Nimeshika bunduki mpaka nimesahau kwamba yule ni mama wa mtu."

Akalia, mwanangu. Mtu mzima yule, mkali yule, akalia mbele yetu. Kisha akajifuta uso, akasema amri nimeivunja na adhabu yangu ni kumbebea bibi mihogo yake mpaka kwake. Njia nzima bibi ananitania, eti askari gani huyu anayelala mchana.

Leo unaanza kazi getini kule Midrand, na wamekupa bunduki. Sikukatazi, kazi ni kazi. Lakini nakuona hapa mjini: unampita mama muuza mboga pale mlangoni, masikio umeyaziba kwa muziki, na hata mimi baba yako unaniinulia kidole gumba, "Sharp, baba." Eish! Nisikilize. Mtu akija getini, mwamkie kwanza, ndipo umuulize anataka nini. Kwa Kizulu, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote uliyo nayo. Usimtazame mtu kupitia bunduki kabla hujamsalimu, maana utafika mahali humwoni tena.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akulinde wewe na wote watakaopita mbele yako, na jioni akurudishe kwa mama yako mikono yako ikiwa safi. Haya, nenda, utachelewa teksi.

We! Unaondoka hivyohivyo?

"Shikamoo, baba."

Marahaba, mwanangu. Marahaba.