Taa Kubwa na Chumba cha Wepukhulu

Wepukhulu alikuwa fundi wa umeme wa magari katika karakana ya Bwana Kofia, Kaburu mmoja wa Eldoret. Kwa miaka saba aliishi na wanaume watano katika chumba kimoja cha mabati. Mkewe, Nasike, alikuwa nyumbani Kimilili na watoto, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa katika vyumba hivyo. Wepukhulu alimkumbuka mkewe mpaka akawa anaongea na betri, na hapa sifanyi mzaha; wenzake walimsikia.

Mwaka wa hamsini na moja, Bwana Kofia alilifungia lori lake taa kubwa mpya kwa ajili ya ukungu wa milima ya Timboroa. Taa zilikuwa pana kama sufuria, lakini mwanga wake ulikuwa mwekundu na dhaifu, na honi ikipigwa zilizimika kabisa. Bwana Kofia akaja juu.

"Wewe tengeneza hii taa, mimi napa wewe nyumba ya bibi. Hapana weza, basi, kwisha kazi."

Nyumba ya bibi, yaani ya mfanyakazi kukaa na mkewe, ilikuwa chumba kimoja kando ya stoo, chenye dirisha. Wepukhulu alikitazama kila asubuhi akipita kwenda kazini.

Akabadilisha balbu. Akachaji betri. Akang'oa nyaya nyembamba za zamani, akapitisha nene, maana taa kubwa hula umeme mwingi. Mwanga ukaongezeka kidogo, ukakwama hapo. Wiki ya pili ikamkuta bado chini ya lori.

Ndipo akaja Kipyego, dereva, aliyelipenda lori lile kuliko wengine wanavyopenda ng'ombe. Kabla taa hazijafungwa alikuwa amelipaka rangi mara tatu, mpaka vyuma vya kushikia taa, ati lisiingie kutu.

"Chunga usikwaruze rangi yangu, Wepukhulu."

Wepukhulu akaganda. Rangi! Umeme wa taa hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha gari, na rangi huuzuia. Akachukua tupa, akakwangua chini ya taa zote mbili mpaka chuma kikabaki kitupu. Kipyego nusura alie. Taa zilipofungwa tena, ziliwaka nyeupe hata nyufa za ukuta wa stoo zikahesabika.

Bwana Kofia, nimpe haki yake, alitimiza ahadi. Wepukhulu akahamia, akapiga deki, akaunda kitanda cha watu wawili, akamwandikia Nasike. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa mwalimu wa kanisa:

"Baba Nanzala, nimefurahi sana. Lakini nikiondoka, ndugu zako watalima shamba letu mpaka mlangoni, na mama yako hawezi tena kuinuka peke yake. Nitakuja baada ya mavuno, siku mbili. Usikasirike."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Upweke ulimzidi kuliko zamani, kwa sababu zamani alikuwa na kitu cha kungojea. Kule kwa wanaume kulikuwa na moshi, ugomvi wa sufuria, na mtu wa kukuuliza umeshindaje. Hapa alisikia kijiko chake tu. Jumamosi mchana akakunja blanketi, akaenda kuwaomba wenzake nafasi yake ya zamani.

"Aii, Wepukhulu! Tushaweka watu wawili hapo. Na wewe si uko na nyumba ya bibi?"

Wakacheka, bila ubaya. Naye akacheka nao, kisha akarudi na blanketi lake chumbani.