Tuta Lisilo na Mshono

Mukandoli hakuwa mvivu, ingawa majirani zake pale Kirehe waliomkuta ameketi sakafuni, mikono imejaa mavi ya ndama, walipenda kumuuliza kama leo tena shamba limefungwa. Alijibu, "Limefungwa," akaendelea. Zamani angewarudishia maneno, tena makali, maana ulimi alikuwa nao. Lakini tangu amzae Hirwa, na mumewe arudi Kigali kulinda majengo ya watu, moyo ulikuwa umekufa ganzi. Hakuwa na huzuni hasa. Alipika, alifua, alilala, na akiulizwa hali alisema nzuri, kwa kuwa hakuona la kuongeza.

Kitu kimoja tu bado alikitaka. Katika ushirika wa wanawake wanaotengeneza imigongo, zile mbao za kutundika ukutani, yeye alikuwa mpakaji rangi tu. Wengine walibuni ruwaza na kufinyanga matuta, yeye akaletewa nyumbani kupaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Sasa mama mmoja mfinyanzi alikuwa amepofuka, na nafasi yake ilikuwa wazi. Mukandoli aliitaka nafasi ile kuliko alivyokitaka chakula, akaanza kujifunza kufinyanga.

Tabu ya imigongo ni tuta. Unachanganya samadi na majivu, unalivuta tuta juu ya ubao kwa vidole, na ukishalianza huliachi mpaka ulimalize. Ukiondoka likashika ukavu, kisha ukarudi kuunga, lainisha utakavyo, siku likikauka litapasuka palepale. Sasa mwenye mtoto asiyetimiza miaka mitatu atamaliza tuta gani? Mama, maji. Mama, mkojo. Mama, kuku ameingia ndani.

Kiongozi wa ushirika, bibi mmoja aitwaye Kankindi, alikuja kuuona ubao wake wa kwanza. Alipitisha kidole juu ya matuta huku amefumba macho.

"Hapa alilia," akasema. "Hapa tena. Na hapa je?"

"Hapo alianguka kwenye majivu, mama."

Kankindi akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama Hirwa, ubao huu kaufinyanga mwanao!"

"Wa kwako walikuwa wapi ulipokuwa unafinyanga?"

"Kwa bibi yao. Wewe huna wa kukushikia, naelewa, na nakuonea huruma kweli. Lakini ubao haujui hayo, mwanangu. Nifanyie tuta moja, kutoka pembe hii hadi ile, bila mshono. Nitapita baada ya juma moja. Likipasuka, nafasi nampa mwenzio."

Kuanzia kesho yake Mukandoli akawa anamkalisha Hirwa mkekani, chini ya migomba, na kumwambia, "Mama akiwa na tuta, haitwi." Hakumpiga wala hakumfokea. Mtoto alilia, naye akaendelea kujizoeza kuvuta matuta kwenye kipande cha ubao mbovu. Siku iliyofuata kilio kilikuwa kifupi. Baadaye kikawa kwikwi tu. Mukandoli aliona mambo yanakwenda vizuri, mtoto anakua. Hakusikia kitu kingine chochote moyoni, na hakushangaa, kwa sababu alishazoea kutosikia.

Asubuhi ya kazi yenyewe alichekecha majivu mara mbili, akaomba samadi mbichi kwa jirani, akamnywesha Hirwa uji wa mtama na kumkalisha kivulini. Kisha akaingia ndani, akaanza kwenye pembe. Vidole vilitembea bila kusita. Tuta lilipanda, likakata kona, likateremka, likapanda tena. Hakuna aliyemwita. Alipofika pembe ya pili alikaa akalitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akajisikia karibu na furaha.

Ndipo alipogundua jinsi nyumba ilivyokuwa kimya.

Alitoka mbio. Hirwa alikuwa palepale mkekani. Kivuli cha migomba kilikuwa kimeshasogea, na jua lilikuwa likimpiga utosini. Suruali ilikuwa imelowa. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, na siafu wawili walikuwa bado wamemng'ang'ania. Machozi yalikuwa yamemkaukia mashavuni, na mdomo ameubana kwa viganja vyote viwili.

"Hirwa! Mbona hukuniita?"

Mtoto akaondoa viganja kidogo. "Mama ana tuta," akanong'ona.

Mukandoli aliwang'oa siafu, akambeba ndani, akamwosha. Ganzi ilimtoka siku ile, na alitamani irudi, maana kilichokuwa chini yake kiliuma mno.

Kankindi alipokuja, tuta lilikuwa limekauka bila ufa hata mmoja. Alipitisha kidole juu yake mara tatu. "Sasa huyu ni mfinyanzi," akasema. "Nafasi ni yako, Mama Hirwa. Na mtoto umemtuliza vipi? Sijamsikia tangu nije."

Mukandoli akamsindikiza hadi njiani. Bibi alipoondoka, akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Niite, baba. Ita tu, kwa sauti. Mama atakuja."

Hirwa hakuita. Aliinamisha kichwa, akaitazama kwanza mikono ya mama yake, aone kama ina samadi.