Nusu ya Kidonge Kwenye Uji

Nilikuwa Nanyala nikisubiri gari la kurudi Tunduma simu ilipoita. Rafiki yangu, wakala wa forodha pale mpakani, amefariki alfajiri kwa saratani ya utumbo. Nilijua siku hiyo inakuja, lakini niliketi chini kando ya barabara. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtamkumbuka: ndiye niliyewahi kumtania hapa kwamba anaweza kugombana na dereva wa lori asubuhi, na jioni akamchangia harusi. Alikuwa mbishi kupindukia, na nilimpenda hivyohivyo.

Alipokuwa bado anakwenda hospitali kupata matibabu, kaka yake wa Nakonde, ng’ambo ya mpaka Zambia, alimtumia video kwenye simu, kisha akapiga mwenyewe. “Mukwai,” akaanza kwa heshima ya Kibemba, “dawa ya kifafa inaua kansa! Na nyumbani kwako ipo!” Ilikuwapo kweli. Mkewe, Mndali wa Ileje, ana kifafa tangu usichana, na vidonge hivyo ndivyo vilivyomwezesha kupika, kulima na kulea bila kuanguka. Tatizo ni kwamba habari yenyewe haikuwa uzushi mtupu. Ndani ya seli ya saratani, baadhi ya vinasaba vinavyozuia seli isizaane hovyo huwa vimezimwa tu, havijaharibika. Watafiti wanachunguza kama dawa za zamani, ikiwamo hiyo ya kifafa, zinaweza kuviwasha tena. Wanachunguza, lakini video ilisema zinaponya. Rafiki yangu alikataa katakata kugusa dawa ya mkewe, na mimi nikadhani yamekwisha.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa kwao, tunabishana kuhusu foleni ya malori, mara tukasikia sufuria ikianguka jikoni. Tulimkuta shemeji sakafuni anatetemeka mwili mzima, mkono wake karibu kabisa na jiko la mkaa. Nililivuta jiko, likaniunguza vidole. Rafiki yangu, mgonjwa aliyekuwa akitembea kwa kushika ukuta, alipiga magoti, akamgeuza mkewe ubavu na kumwekea kanga chini ya kichwa. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nikisubiri mwili ule utulie. Alipopata fahamu, mumewe alimwinamia.

“Mama, dawa umekunywa?”

“Nimekunywa, Baba.”

“Nzima?”

Shemeji aligeuza uso ukutani. “Nusu. Nusu yako huwa naiponda, naiweka kwenye uji.”

“Ungetangulia wewe, mimi ningepona kwa ajili ya nani?” mumewe alisema.

Huku kwetu dawa hugawanwa kama chumvi. Jirani akikohoa anapewa vidonge vilivyobaki kabatini, na anayetoa huhesabiwa mwema. Shemeji alifanya vilevile, kwa mapenzi, na mapenzi hayo nusura yamtie motoni. Nilipandwa na hasira, si kwake, bali kwa waliotengeneza ile video huku wakijua kuna watu watakaoitazama wakiwa wamekata tamaa.

Niliwasindikiza kwa daktari. Hakuwakaripia. Aliwaeleza kwamba katika majaribio hayo mgonjwa hupimwa damu na ini kila mara, dawa huenda pamoja na nyingine, na bado haijajulikana itamfaa nani. Rafiki yangu akauliza kama kuna majaribio hayo mahali anapoweza kufika. Daktari akasema hajui la karibu. “Basi dawa hiyo ni mzigo ulio njiani,” rafiki yangu akasema. “Nyaraka hazijakamilika. Mimi siwezi kuupitisha kwa njia za panya.” Aliyasema hayo akitaka kuishi, na natamani mzigo ule ungewahi.

Ndiyo maana nawaomba mnaosoma hapa: ukisikia dawa ya zamani imepata kazi mpya, furahi, kisha kamuulize daktari kabla hujafungua kopo la mwenzako. Dawa hiyo tayari ina kazi mwilini mwa mtu.

Jana tulimzika. Tuliporudi msibani, shemeji alikaa mkekani katikati ya kina mama, akaomba maji. Alitoa kidonge kwenye pindo la kanga, akanitafuta kwa macho hadi akaniona. “Shemeji, ushuhudie,” akasema, machozi yakimtiririka. “Nzima.” Akameza.