Beki Wenu Yuko Kasaji, Analima Mihogo

Naikumbuka siku moja, mwanangu Bienvenu, ambayo kocha wetu, baba yetu tata Muteba, alitutoa uwanjani mmoja mmoja mpaka akabaki mchezaji mmoja tu, na huyo mmoja akaaibika kuliko sisi sote. Nitakusimulia. Lakini kwanza niache niteme hili lililonikaa kooni tangu Jumamosi, maana mzee akimeza hasira hapati usingizi, na wangu siku hizi ni mchache.

Ulikuja nyumbani kwangu na jezi yako mpya, nahodha wa timu ya chuo, mfungaji wa magoli, kijana anayejulikana Kolwezi nzima. Mke wangu akakupa munkoyo wa baridi, ukanywa, ukajifuta mdomo, ukaniuliza:

"Tata, championnat inakaribia. Défense yetu ya mwaka hii unaiona namna gani?"

Nilikuambia nitafikiri. Uongo, sikuwa na la kufikiri. Nilikujibu hivyo kwa sababu ningeendelea pale ningesema maneno yasiyomfaa mzee wa kanisa. Sasa nimetulia kidogo, si sana, ndiyo maana nakuandikia.

Unaniuliza habari za ulinzi gani, mwanangu? Mnao? Sakaji, aliyesimama nyuma yenu msimu mzima, yuko Kasaji kwa mama yake, analima mihogo. Hakuondoka kwa kupenda. Mlimfukuza, tena wewe ukiwa mbele.

Mechi ya mwisho niliiona kwa macho yangu, nimesimama karibu na bendera ya kona na mwavuli wangu. Sare ilikuwa inawatosha. Wewe ulipata mpira mbele, wenzako wako wazi kulia na kushoto, ukataka kumpiga chenga mtu mwingine tena kwa sababu uliona simu zimeinuliwa kukupiga picha. Ukanyang'anywa. Nyote mlikuwa mmepanda, na nyuma alibaki Sakaji peke yake, washambuliaji wanamjia, mvua inanyesha, tope limefika kwenye vifundo vya miguu. Akateleza. Goli likaingia, ubingwa ukaenda zake.

Nani alinyoosha kidole wa kwanza? Nilikuwa hapo, nilikusikia ukipiga kelele mbele ya mashabiki: "Uyu alikula makuta! Aliuza match!" Kufika jioni neno hilo la makuta, la pesa za hongo, lilikuwa kwenye simu za chuo kizima, na kesho yake lilikuwa limefika Kasaji. Mama yake Sakaji anauza unga sokoni kule. Wanunuzi wakamwuliza kama mtaji wa unga ule ni pesa za mechi. Mama wa watu akafunga meza yake, akarudi shambani na mwanawe. Sijui kama ulikuwa unalijua hilo. Sasa unalijua.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia. Sakaji alijikwaa mguu akafukuzwa. Wewe ulijikwaa ulimi ukapewa jezi mpya!

Na dawa mliyoipata nimeisikia pia. Mnataka kuwachukua vijana wa machimbo, wenye vifua vipana, muwavalishe jezi za chuo, muwatafutie kadi za wanafunzi, wasimame nyuma. Na hao nao wakiteleza? Mtawaita wauzaji, mtarudi machimboni kuchukua wengine? Vijana kule ni wengi, ni kweli, lakini ufa mlio nao hauzibwi kwa kifua.

Haya. Siku yenyewe ni hii.

Nilikuwa kipa wa timu ya shule yetu, hapa hapa Kolwezi (usicheke, tumbo hili sikuwa nalo). Beki wetu wa mwisho aliitwa Kapend, kijana mpole aliyezungumza na mpira kuliko na watu. Tulicheza na vijana wa Mutshatsha. Mshambuliaji wetu Ngoie, mwenye miguu mizuri na mdomo mkubwa, akapoteza mpira kwa kujionyesha, mpira ukaletwa kwetu mbio, na Kapend katika kuokoa akaupiga ukaingia wavuni mwetu wenyewe. Tukafungwa. Kesho yake Ngoie akasimama sokoni akatangaza kwamba watu wa Mutshatsha walimpa Kapend kinga, yaani baiskeli, mpya kabisa na taa yake. Baiskeli yenyewe hakuna aliyeiona hata mara moja, lakini sokoni kila mtu aliijua rangi yake.

Nyani haoni kundule. Kwamba mpira ulianzia kwenye miguu ya Ngoie, hakuna aliyelitaja.

Kapend akarudisha viatu vya timu kwa tata Muteba. Huyu tata Muteba alikuwa mtu wa reli, mfupi, mwenye sauti ya chini, hatukuwahi kumsikia akigomba. Alivipokea viatu, akavitia kwenye kikapu chake, akamwambia Kapend aje mazoezini hivyo hivyo, akae karibu naye. Sisi tulipofika tulikuta ametuitia wapinzani: watoto wa shule ya msingi, miguu mitupu, makamasi puani.

"Leo munacheza na aba batoto," akasema. "Kama goli inaingia, munaniambia ni kosa ya nani. Ule mwenye kosa anatoka, anaikala apa na Kapend. Timu yenu haitaki bantu ya makosa, si njo vile?"

"Njo vile, tata!" akaitikia Ngoie, kwa sauti kuliko wote.

Tulicheka. Wale watoto tuliwafunga tulivyotaka, tena kwa madaha. Lakini mpira ni mpira. Mtoto mmoja akachomoka, akafunga.

"Nani?" akauliza tata Muteba.

Ngoie akamwonyesha beki wa kulia. Akatoka. Likaingia lingine: nani? Beki wa kushoto. Akatoka naye. Kisha ikawa zamu yangu, nami nilibisha, maana mabeki walikuwa wamekwisha kuondolewa, ningefanya nini peke yangu? Ngoie akasema kipa asiyedaka ni wa kazi gani. Nikaenda kukaa kwenye nyasi nikiwa nimevimba.

Tangu hapo watoto hawakuona shida tena. Lango halina mtu, wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe nani apige. Kila goli swali likawa lile lile, na kila mara kidole cha Ngoie kilimpata mtu. Viungo wakatoka, mawinga wakatoka, hata rafiki yake aliyekuwa akila naye sahani moja akatoka, akimtukana kwa sauti ya chini. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Pembeni tulijaa sisi wenye makosa, tukila karanga za tata Muteba, na uwanjani akabaki Ngoie, asiye na kosa, katikati ya watoto wanaomzunguka wakicheka.

Wakamnyang'anya mpira. Wakafunga.

"Nani?"

Ngoie akageuka nyuma kwa mazoea, kidole kimeshainuka. Hakukuwa na mtu. Mwanangu, nimeishi, nimezika, nimeozesha mabinti, lakini uso ule sijausahau. Kidole kilibaki hewani, hakijui kwa kwenda.

Tulidhani somo limekwisha. Tata Muteba akasimama, akakung'uta maganda ya karanga kwenye suruali.

"Neno ya Kapend ulisemea wapi?"

"Ku soko, tata."

"Basi tuende ku soko."

"Tata, mi nitamuomba pardon apa apa..."

"Apa hakuna mutu alisikia mambo ya kinga. Kule njo balisikia."

Tukaenda sote, viatu mkononi, watoto nyuma yetu wakiimba. Akina mama wakaacha kupima unga. Ngoie akasimama pale pale aliposimama mara ya kwanza, akaukiri uongo wake kwa sauti ya mgonjwa: "Nilisemaka bongo juu ya Kapend. Hakupewaka kinga. Mupira mi njo niliipoteza."

Mama mmoja muuza samaki wakavu akamkatiza: "Sema na nguvu! Ile siku sauti ilikuwa mingi!"

Soko zima likacheka, na kicheko kile kilikuwa kikali kuliko fimbo. Akarudia. Wakamwambia arudie tena, mpaka wauza mkaa wa mwisho kabisa wakasikia. Ndipo tata Muteba akavitoa viatu kikapuni, akampa Kapend mbele ya watu wote, na Kapend akavipokea kwa mikono miwili. Msimu uliofuata mimi kipa nilikuwa nikisimama langoni nimekunja mikono, maana mpira haukumpita Kapend ukanifikia.

Sasa unaelewa kwa nini hasira inanipanda unaponiuliza juu ya ulinzi kana kwamba unauliza bei ya saruji. Beki amekubali kubaki nyuma wakati wenzake wote wanakimbilia sifa. Anaamini kwamba siku akianguka, wale waliomwacha peke yake hawatamkanyaga. Imani hiyo mliivunja mbele ya macho ya mabeki wengine, na wao si vipofu. Unadhani ni nani kati yao atatia mguu wake kwenye mpira mgumu mwaka huu? Watapiga nje, watajificha, kila mmoja atamwachia mwenzake ili lawama isimpate yeye. Huo ndio ulinzi wenu wa msimu huu, kama jibu ndilo ulilotaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenu umekwisha kuinama.

Basi nasaha yangu ni hii. Vijana wa machimbo waacheni na kazi yao, na kadi za uongo zichomwe. Wewe panda treni, au pikipiki, uende Kasaji. Usimtume msaidizi wako, wala usiandike kwenye simu ukadhani umemaliza. Beba kuku, maana kwetu pardon haiendi mikono mitupu. Kabla hujamwendea Sakaji, pita sokoni, usimame mbele ya wanunuzi wa mama yake, useme ulisingizia, na kwamba mpira uliupoteza wewe. Useme kwa nguvu ile ile uliyokuwa nayo siku ya mechi. Kisha urudi, uyaseme yale yale hapa Kolwezi mbele ya mashabiki, na hapo ndipo uandike kwenye simu zenu hizo.

Akikubali kurudi, mshukuru. Akikataa, ni haki yake, usimsukume, wala usianze kunung'unika njiani. Unakwenda kwa sababu ulimkosea, hata kama msimu mzima mtacheza bila yeye. Na mama yake akikufungia mlango, keti nje ya uzio mpaka moyo wake utulie. Ukiona aibu kuketi peke yako, niambie, nitakuja tuketi wote wawili. Nimezeeka, lakini kukaa chini bado naweza.

Nenda, mwanangu. Nimekugombeza kwa sababu wewe ni wangu. Mungu akutangulie njiani, aulainishe moyo wa yule mama, akupe ulimi usioyatangulia macho. Na siku utakapopoteza mpira tena, maana utaupoteza, akujalie uwe na mtu nyuma yako.