Wimbo Niliopeleka Mahakamani

Mwanangu, ipo siku moja ya msimu wa ufuta ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu jikoni, kisha naona haya, kisha nacheka tena. Leo nakuhadithia kwa sababu ya ile karatasi ya wito uliyoletewa na mtendaji, ukaikunja ukaificha chini ya godoro kana kwamba itaisha yenyewe. Nimesikia pia kwamba wewe na wenzako mlioona pikipiki ya watu ikiibwa kule Ruangwa mmefungua kundi la WhatsApp, mnapangana mtakavyosema mbele ya hakimu. Hapo ndipo niliposhtuka. Maana mimi, Somoe unayeniita bibi, nililifungua kundi kama hilo kabla simu hazijafika hapa kwetu Naipingo.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, bado nipo kwetu Malolo, babu yako hajanileta huku Naipingo. Nilikuwa na sifa moja: kwenye unyago hakuna wimbo ulionipita. Kungwi akitamka mara moja, mimi nimeshaushika na ninawafundisha wenzangu. Nikisifiwa kidogo tu, kichwa kinavimba. Usicheke, na wewe umerithi.

Jirani yetu Mama Agnesi, mjane, mtu wa parokia, alikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Kwa cherehani hiyo alilisha watoto wanne na kuvalisha shule nzima sare. Siku moja, kijiji kizima kikiwa mashambani, mtu akaingia kwake akafungua kichwa cha cherehani, akakitia guniani, akaacha meza tupu. Mama Agnesi aliikumbatia ile meza akalia kama aliyefiwa. Baada ya siku mbili mgambo wakakikuta kwa Saidi, kijana wa pale pale kijijini. Saidi akaruka: amekinunua gulioni Nachingwea kwa mtu asiyemjua, na siku ya wizi alishinda huko huko, Malolo hakukanyaga. Basi shauri lote likawa juu ya jambo moja: siku ile Saidi alikuwepo kijijini au hakuwepo? Tukishindwa kulionyesha hilo, Mama Agnesi angerudi kwenye meza yake tupu.

Mashahidi tulikuwa watatu. Mimi nilimwona mtu kwa mbali akipita na gunia begani. Mgongo tu, mwanangu, uso sikuuona. Rafiki yangu Hadija alimwona kwa ubavu tu akivuka bonde. Wa tatu ni Bibi Fatu, mzee wa Kimwera aliyejua Kiswahili cha kuamkiana na kununulia chumvi, basi. Yeye alikutana naye shambani kwake.

Jioni ya kuamkia shauri tulikaa kwa Mama Agnesi tukimenya karanga. Nikasema, jamani, tukienda kila mtu na lake tutashindwa, ngoja niwatungie. Nikatunga! "Tulimwona Saidi, Saidi wa Malolo, shati la kijani, gunia begani, akitazama huku, akitazama huku." Hadija akaitikia, Mama Agnesi akapiga makofi, tukaurudia hadi karanga zikaisha. Bibi Fatu aliendelea kumenya zake kimya. Mwishoni akasema kwa Kimwera kwamba wimbo wetu ni mtamu, ila una macho mengi kuliko tuliyokwenda nayo shamba. Tukamwona mzee amechoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa limeshaanza kupinda.

Kesho yake tukafika Mahakama ya Mwanzo. Hakimu alikaa katikati, wazee wa baraza pembeni yake. Jambo la kwanza likaniharibia mipango: mashahidi tukatolewa nje tukae tusubiri kuitwa mmoja mmoja, tusisikilizane. Nikaitwa wa kwanza. Nikaapa kwa Msahafu, nikamwaga maneno bila kukwama. Nilikuwa najisikia vizuri hata shingo ikawa inacheza.

Kisha hakimu akamwambia Saidi, "Una swali kwa shahidi?" Sikujua kwamba mshtakiwa naye anaruhusiwa kuuliza. Saidi akasimama, mpole kama kondoo. "Dada Somoe, hilo shati langu la kijani lilikuwa la mikono mirefu au mifupi?"

Wimbo haukuwa na mikono. Nikasema, "Mirefu." Nikaambiwa nikae pembeni. Akaingia Hadija, akaapa, akasema yale yale, neno kwa neno, na "akitazama huku, akitazama huku" akaigeuza shingo kama nilivyoigeuza mimi. Saidi akamuuliza swali lile lile. Hadija akajibu, "Mifupi." Watu wakaangua kicheko. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Nyinyi mabinti, mmekuja kutoa ushahidi au kucheza ngoma?"

Akaniita tena mbele. Akanikumbusha kwamba nimeapa, na kwamba kusema uongo ukiwa umeapa ni kosa, anaweza kunifungulia shauri mimi mwenyewe. "Uliona uso wa mtu huyu?" Nilimtazama Mama Agnesi. Alikuwa ameshika rozari yake. Mwanangu, nilitamani sakafu ipasuke. Nikasema, "Mgongo tu, Mheshimiwa. Na shati sikumbuki rangi." Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Niliona nimemnyang'anya Mama Agnesi cherehani yake mara ya pili.

Akabaki Bibi Fatu. Akaingia taratibu, akasema Kiswahili hakimtoshi, angependa kusema kwa Kimwera. Mimi nikaona tumekwisha, kumbe ni haki yake. Karani aliyejua Kimwera akaapishwa awe mkalimani. Hakimu akamuuliza juu ya shati. Bibi akasema shati hakuliangalia, alikuwa anaangalia ufuta wake. Saa ngapi? Saa hajui, ila kivuli kilikuwa miguuni. Ndani ya gunia kulikuwa na nini? Hajui, hakulifungua. Kila nikisikia "hajui" moyo unanishuka. Lakini wale wazee wa baraza, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuinama mbele ili wamsikie vizuri.

Saidi akapewa nafasi. "Bibi, macho yako si yameshazeeka? Una hakika gani kama ni mimi?"

Bibi Fatu akamgeukia, wala hakukasirika. Akamwambia kwa Kimwera, "Siku ile wewe si uliniangushia mafungu ya ufuta na gunia lako, ukaniomba radhi? Nikakwambia nisalimie mama yako. Salamu zangu zilifika?"

Karani hajafungua mdomo kutafsiri, Saidi ameshainamisha kichwa na kukutanisha viganja, kama alivyolelewa, akajibu kwa Kimwera hicho hicho: "Zilifika, Bibi. Naye anakusalimu."

 Karani akaanza kucheka, hata kutafsiri akashindwa. Hakimu anauliza, "Kasemaje? Kasemaje?" na wazee wa baraza wanaojua Kimwera wanajifuta machozi. Saidi akajiziba mdomo kwa mkono, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mwisho naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akakiri yote. Kwa kuwa alikiri na lilikuwa kosa lake la kwanza, akapewa kifungo cha nje. Mama Agnesi alipiga vigelegele kutoka mlangoni hadi barabarani, kichwa cha cherehani amekipakata kama mtoto mchanga. Gauni langu la harusi lilishonwa kwa cherehani hiyo, na Saidi alikuja kula pilau.

Njiani tukirudi nilimwomba radhi Bibi Fatu. Akanishika sikio, siyo kwa nguvu, akasema, "Mungu amekupa macho mawili. Sema ya hayo mawili, ya wengine watakuja kuyasema wenyewe." Hadi leo nikishikwa sikio namkumbuka.

Sasa wewe, itoe hiyo karatasi chini ya godoro. Siku ikifika nenda nayo mapema, umwonyeshe karani, ukae utakapoambiwa. Shauri likiahirishwa uliza tarehe nyingine, urudi, usichoke. Wenye hila hutegemea uchovu wako. Swali usilolielewa, omba lirudiwe, hakuna atakayekupiga. Usilolijua sema sijui. Mshtakiwa akikuuliza kwa ukali, mjibu kwa upole, umtazame hakimu. Mtu akikutisha, au akikuletea zawadi ili usahau, usilifiche, kamwambie polisi au hakimu. Na mwenzio akija kujeruhiwa, mpeleke polisi apewe fomu ya matibabu, kisha hospitali. Akiwa hali mbaya, hospitali kwanza na polisi wapewe habari. Hilo kundi la WhatsApp lifunge leo, mbele yangu. Kweli ikidhihiri uongo hujitenga, wala haihitaji kiitikio.

Mungu akulinde njiani, akupe moyo mkunjufu na ulimi mwepesi kwa uliyoyaona, mzito kwa usiyoyaona. Urudi kwetu unacheka. Na ukifika Ruangwa, kabla ya mahakama utakuta banda la kuziba pancha, mwenyewe mzee mfupi mwenye mvi. Huyo ndiye Saidi. Mwambie Somoe anakusalimu. Atajibu tu, salamu hajawahi kuziacha.