Kora Waliyosema ni ya Babu

Kaka yangu Sambujang alichukua miezi minne kuitengeneza ile kora, kinanda chetu cha nyuzi ishirini na moja. Kibuyu alikichagua kikiwa bado shambani. Ngozi ya ng'ombe aliiloweka, akaivuta ikiwa mbichi, akaipigilia misumari. Zile pete za ngozi za shingoni za kukazia nyuzi, ishirini na moja, alizisuka mpaka vidole vikachubuka. Hakuiuza. Alimpa mdogo wetu Nfansu, maana nyumbani kwetu hapakuwa na mkono wa kupiga kama wake.

“Ukiulizwa nani kaitengeneza, nitaje tu,” akamwambia. “Sitaki kingine.”

Na sisi ni ukoo wa majali, waimbaji wa kurithishana. Kazi yetu tangu enzi ni kutaja watu wasisahaulike.

Mwaka uliofuata redio moja ya mjini ikatuita. Nfansu akapiga, mimi nikaimba. Mtangazaji akaisifu kora, akauliza fundi ni nani.

“Hii?” Nfansu akaipapasa. “Ya babu yetu hii. Ina miaka themanini.”

Kipaza sauti kilikuwa mbele yangu kabisa. Nikakohoa, nikaendelea kuimba.

Kule nyumbani Brikama, Sambujang alikuwa amewaita majirani uani, kawapa kokwa za kola watafune, redio imefunguliwa mpaka mwisho. Waliposikia ni ya babu, wakaaga mmoja mmoja.

Masika ngozi ikalegea. Nfansu akairudisha.

“Kaka, Ijumaa tunakwenda Dakar. Niwekee ngozi nyingine.”

“Kamwite babu. Si ndiye fundi?”

“Ah, kaka nawe! Watu wanapenda vya kale. Ningesema imetoka juzi hapa uani, nani angesikiliza?”

 Sambujang alinigeukia mimi.

“Huyu namjua, mdomo wake haukuwahi kuwa na breki. Lakini wewe, Nyima? Si ulikuwa umekaa palepale?”

Nikainama, nikazipapasa zile pete za shingoni.

Mama akaingilia kati, akabembeleza, akalia. Kesho yake Sambujang akaibandua ngozi, akaweka mpya, akamkabidhi Nfansu bila kumtazama usoni. Tukaenda. Dakar nako kora ikawa ya babu, na safari hii nilijua kabla Nfansu hajafungua mdomo. Nikanyamaza tena.

Siku hizi kora za Sambujang zinakwenda miji ya mbali, Kolda na Gabú, kwa watu baki. Mimi ananisalimu vizuri, huuliza habari za wanangu. Ila nikikaa karibu naye anapofanya kazi, hukusanya zana zake taratibu, akaingia ndani.