Kijiti cha Kupimia Mguu

Juzi dereva wa gari la Masalani alinipigia simu akaniambia nipite stegi nichukue mzigo wangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa tangu asubuhi, na joto la Garissa unalijua. Kama hulijui, mshukuru Mungu. Nikajikokota hadi stegi nikitarajia angalau embe za kule mtoni au chupa ya samli. Dereva akaingiza mkono chini ya kiti chake, akanitolea kijiti kilichoviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Kijiti kitupu, urefu wa unyayo wa mtu mzima. Akasema mzee amemwambia nitajua mwenyewe, kisha akarudi kugombana na abiria wake.

Na kweli nilijua. Mzee ni Abti, ndivyo tunavyomwita mjomba, ndugu yake mama. Ana ugonjwa wa sukari. Muuguzi wa zahanati amemwamuru atembee kila asubuhi, lakini amemkataza kutembea na patipati asije akajikwaa akapata kidonda kisichopona. Amwambie nani amtafutie raba za kukimbilia, zenye soli laini na nafasi mbele, kama si mimi? Nilimsihi kwa simu aulize dukani anavaa namba ngapi. Akanijibu kwamba mguu wake hauna namba, haujawahi kuwa nayo, na hautaanza leo.

Basi nikakaa kwenye benchi la stegi na kile kijiti mapajani. Nilikuwa nimechoka, rafiki yangu, uchovu ule ambao usingizi hauusaidii. Na nilipokigeuza kijiti na kunusa gome lake, nikarudi Masalani bila kulipa nauli.

Masalani ya utoto wangu ilianza kila siku kwa sauti ya Bibi, mama yake Abti, akimimina unga wa anjera kwenye kikaango. Tssss, halafu kimya, halafu tssss nyingine. Chai ya maziwa ya mbuzi ilikuwa imeshachemka na iliki, na moshi wa ubani wa jana bado ulikuwa umelala kwenye shuka zetu. Kabla ya shule nilikuwa na kazi mbili: kufungulia mbuzi na kuwafikisha kwa mchungaji, kisha kumpeleka punda mtoni kwa maji. Mbuzi walikuwa upande huu, mto upande ule, na shule upande wa tatu. Kwa hiyo nilikimbia. Hakuna aliyenifundisha, ila saa ya shule haikujua habari za punda.

Nilikimbia peku kwenye mchanga, au na akala za Bibi zikinipigapiga visigino. Siku moja mwalimu mpya, mtu wa bara aliyeletwa kwetu na serikali kutoka sehemu za baridi, alinikuta naingia langoni nimechelewa. Alikuwa amevaa sweta, maskini, jasho linamtiririka, kwa kuwa mama yake alimwambia asiivue hadi azoee. Badala ya kunichapa akaniambia nizunguke uwanja tena, akiniangalia miguu. Tangu siku hiyo akawa ananifundisha mbio kila jioni.

Alikuwa na maneno mengi kuhusu viatu, yule mwalimu, kuliko hata kuhusu hesabu. Alisema kiatu cha kukimbilia kinapimwa jioni, kwa sababu kwenye joto kama letu mguu huvimba kutwa nzima, na kiatu ulichokipima asubuhi kitakubana saa za mashindano. Alisema mbele ya kidole kikubwa lazima ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisichezecheze. Na akarudia mara nyingi kwamba kiatu kinachokubana leo hakitakuonea huruma kesho. Sisi watoto tulimwiga tukicheka, tukikunja uso kama yeye.

Majirani wawili watatu walinung'unika, binti anakimbiakimbia nini. Bibi akawajibu kwamba ninakimbia nimejistiri kutoka kichwani hadi kifundo cha mguu, na mwenye shida zaidi aje achukue zamu yangu ya maji. Hakuja mtu.

Halafu ikaja habari ya michezo ya mkoa, hapa hapa Garissa. Mwalimu alituambia kwamba mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana, huko bara, atakuja kuangalia mbio ndefu, na wasichana wawili wa kwanza atawapa nafasi shuleni kwake. Nilitaka kwenda. Nalisema leo waziwazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Nilitaka kulala kwenye kitanda cha chuma kama walivyotusimulia, nisikie kengele badala ya mbuzi, nisome vitabu ambavyo havijakatwa kurasa za mwisho. Nilikuwa nikimlisha punda huku nikiwaza kitanda.

Mwalimu akasema uwanja wa Garissa una kokoto na miba, na mchana unachoma kama kikaango, kwa hiyo peku haitawezekana. Ndipo Bibi akanipima. Alinisubiri jioni nirudi mtoni, akanisimamisha kwenye mchanga uliosawazishwa, akaniambia niweke uzito wote, nisijifanye mwepesi. Akakata kijiti cha mswaki, ule mti tunaosugulia meno, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na boma. Akakilaza kando ya mguu wangu, akaongeza upana wa kidole gumba chake kama mwalimu alivyotaka, akakata. Upande wa kisigino akakitia alama ya kisu, ili asije mtu akakichanganya na vijiti vingine.

Abti alikuwa utingo wa lori siku zile. Hakuna mtu niliyempenda kama yeye. Alikuwa akirudi safari anashuka lori kabla halijasimama, na mfukoni hakosi kitu: tende, peremende, kioo kidogo. Kiswahili chake alikiokota barabarani, na mpaka leo akiwa na jambo zito la kusema huiacha lugha ya nyumbani akalisema kwa Kiswahili, labda kwa sababu maneno ya barabarani hayamuumizi sana. Alikitia kijiti kwenye mfuko wa shati, kikachomoza hadi karibu na kidevu, akaapa kwamba sokoni Garissa hataacha lundo la mitumba bila kulifukua.

Mvua ikanyesha. Barabara yetu ikinyeshewa, unajua tena, lori linageuka nyumba. Walikwama siku nyingi hata kabla ya kufika Garissa, wakala wali mkavu, wakasukuma, wakakwama tena. Mwalimu alikuwa akiniuliza kila asubuhi kama Abti amefika, na mimi nikitega sikio kila jioni nisikie injini.

Alifika siku moja kabla hatujaondoka kwenda mashindanoni, amejaa matope hadi kwenye nyusi, raba zikining'inia shingoni kwa kamba zake. Zilikuwa za buluu, soli nyeupe karibu mpya. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri kama zile zikiwa zangu. Nikakaa chini nikaingiza mguu, na vidole vikagonga mbele vikajikunja.

Nikainua macho kumwambia. Alikuwa amenichuchumalia, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anatabasamu, na mdomoni ana kijiti. Kwenye mwisho wa kile kijiti niliona alama ya kisu cha Bibi.

Wewe uliyekulia kwetu umeshaelewa, na kama hukukulia kwetu, hivi ndivyo ilivyo: ncha ya mswaki ikichakaa unaikata, unatafuna mpya. Mtu anasugua meno kabla ya kila swala. Mswaki wake mwenyewe sijui ulipotelea kwenye matope gani, lakini mkono wa mtu wetu ukikuta kijiti cha aina hiyo mfukoni, mdomo hauombi ruhusa. Siku zote zile za kukwama alikuwa akikipunguza kipimo changu kidogo kidogo, bila kujua. Alipofika sokoni alipima kwa kile kilichobaki, akafurahi kwamba raba zimelingana nacho sawasawa.

"Zimekutosha?" akaniuliza.

"Zimenitosha, Abti."

Bibi akanyoosha mkono abonyeze pale mbele kwa kidole gumba. Nikaruka, nikaanza kukimbia uani kuwaonyesha, mbuzi wakatawanyika, na Abti akapiga makofi hadi jirani akachungulia. Ningewezaje? Mtu amesukuma lori kwa ajili yangu.

Mbio zenyewe sitakuchosha nazo. Zilichelewa hadi jua likawa juu ya utosi, miguu ikavimba, kama mwalimu alivyokuwa akisema kila siku. Mizunguko ya mwanzo niliongoza. Abti alikuwa kwenye uzio, sauti yake naisikia juu ya sauti zote, akiwaambia wageni kwamba yule ni wa dada yake na zile raba ni yeye aliyezileta. Mzunguko wa mwisho kidole kikubwa cha kulia kikafanya kitu ndani ya kiatu, nikakisikia kwa mwili mzima. Akanipita wa kwanza, akanipita wa pili, na karibu na utepe akanipita wa tatu.

Mwalimu alinivua raba mwenyewe nyuma ya hema. Soksi ilikuwa nyekundu. Akaniuliza kwa nini sikumwambia, nikatikisa kichwa tu, naye akafuata macho yangu hadi kwenye uzio aliposimama Abti. Alinifunga mguu na kitambaa chake cha mfukoni, raba akampa Abti abebe. Yule mwalimu mkuu wa bara niliona mgongo wake ukiondoka na wasichana wawili.

Nyumbani Bibi aliuloweka mguu wangu kwenye maji ya moto na chumvi, wiki baada ya wiki. Kucha ziling'oka zikaota, lakini kiungo cha kidole kikubwa kimegoma kukunjika hadi leo. Mbio ndefu zikaishia hapo. Nilisoma shule ya kutwa, nikawa mwalimu, na sikulalamika. Watu walisema nilishindwa kwa sababu ya jua, na Abti alikuwa wa kwanza kulisema hilo.

Ila tangu mwaka ule, kila alichoniletea kilikuwa kikubwa. Sandali nilizoweza kuogelea ndani yake, magauni yaliyofagia mchanga, sweta ya kuingia mimi na binti wa jirani pamoja. Nyumbani ukawa utani wetu; kitu chochote kipana tulikiita saizi ya Abti. Tulidhani ni mtu asiyejua watoto wanakua kwa kasi gani.

Basi jioni ile nilitoka stegi nikaenda kwenye vibanda vya mitumba. Muuzaji alicheka alipoona kijiti, akaniita mama kwa lugha ya nyumbani, "Hooyo, hii teknolojia niliiona mara ya mwisho kwa nyanya yangu," lakini akakiingiza kwenye raba moja baada ya nyingine kwa heshima zote. Tukapata nyeusi, soli nene, mbele pana, kisigino kimeshika. Niliongeza nafasi ya kidole gumba. Nikampigia Abti.

Aliuliza kwa lugha ya nyumbani kama jua limepungua na kama watoto wa shule wananisumbua. Kisha akahamia Kiswahili, nami nikakaa chini.

"Umebima na ile kijiti?"

"Nimepima, Abti."

"Angalia bande zote mbili. Hii sikuweka kwa meno."

Nilikigeuza. Pande zote mbili zilikuwa zimekatwa safi kwa kisu. Naye akaendelea.

"Ile fiatu yako ni mimi niliosha, kwa mto. Damu ilikuwa bale mbele. Nikaweka kijiti ndani, ikaingia sawasawa. Nikasema, sasa damu imetoka wabi? Halafu nikaona alama ya hooyo ubande moja, na ubande ingine ni mswaki."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Wewe ulisema zimekutosha. Mimi ningesema nini?"

Nyuma yake nilisikia mbuzi, mmoja tu, labda wa jirani, maana wa kwetu waliisha na ukame. Nyuma yangu muuzaji alikuwa anakunja turubai.

"Na mguu," akauliza, "bado inauma?"

"Ulipona zamani, Abti."

Akavuta pumzi polepole, kama anayepanda ngazi.

"Haya," akasema. "Umeniambia tena zimekutosha."

Simu ikakatika, au aliikata, sijui. Niliendelea kukaa pale na raba zake mapajani. Bibi hayupo, mwalimu alihamishwa na sweta yake sijui wapi, uwanja wenyewe sehemu kubwa imeshajengwa maduka. Wanafunzi wangu ukiwauliza miguu yao wanakutajia namba, na wengi wanakosea, wanachechemea hadi likizo. Sijui ni lini mara ya mwisho mtu alinisimamisha mahali akaniambia niweke uzito wote.

Nilimwambia muuzaji asifunge kwanza. Nikavua kiatu cha kulia, nikauweka mguu kwenye kipande cha katoni, na alipouliza nachukua namba ngapi nikamwambia sijui, apime. Akapiga goti. Alipofika kwenye kidole kikubwa nilisema kwamba hapo panauma.